Nilishuhudia Kwamba Macho Yangu Yamepona

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule yangu. Bukavu watu wanajuana, na mke wangu anasoma ukurasa huu kila siku. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, mwalimu wa hesabu hapa Ibanda. Miwani nimevaa tangu shule ya msingi. Bila miwani, mtu akisimama hatua tano mbele yangu namjua kwa sauti, si kwa sura. Wiki ile vita vilipoingia mjini tulikimbia na watoto kwenda kwa shemeji yangu, miwani ikaanguka, watu wakaikanyaga. Maduka ya miwani yote yalikuwa yamefungwa. Tuliporudi nikabaki hivyo, napapasa kuta za nyumba yangu mwenyewe kama mgeni.

Mke wangu anaongoza kikundi cha sala cha mtaani kwetu. Siku moja sebule ilikuwa imejaa. Wengine walikuwa wamefiwa, wengine hawakujua waume zao wako wapi. Mke wangu akanipa Biblia nisome zaburi. Nikaisogeza mpaka karibu na pua, nikasoma bila kukwama. Sasa jamani, macho yangu hayaoni mbali. Vya karibu naviona siku zote. Ni jambo dogo la kueleza, lakini hakuna aliyelifikiria. Walichojua wao ni kwamba mwalimu bila miwani ni kipofu, na leo mwalimu anasoma herufi ndogo! Mama mmoja akapiga magoti. Wimbo ukapanda, mke wangu akalia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu vita vianze. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Kikundi cha jirani kiliponiita nikashuhudie, nilikwenda, na kule sikunyamaza tena. Nilisema nimepona. Niiteni mwoga, niiteni mwongo, yote nayakubali.

Tangu hapo nafundisha bila miwani. Ubaoni naandika kwa mazoea, na wanafunzi wakinyoosha mikono natupa tu: "Wewe wa dirishani." Nikajiambia kwamba dawa ya uongo huu ni kuufanya uwe kweli. Nifanyiwe upasuaji wa macho kwa laser, nione, mambo yaishe. Dada yangu aliye ng'ambo akakubali kunisaidia. Nikamwambia mke wangu kuna semina ya walimu, nikavuka mto Ruzizi mpaka kliniki ya macho nchi jirani.

Nilidhani laser ni kama kunyoa nywele, unakaa kwenye kiti ukisubiri zamu. Kumbe daktari ana maswali kwanza. Una sukari? Una ugonjwa wa viungo? Unatumia dawa gani? Macho hukauka? Namba ya miwani imebadilika karibuni? Unayasugua? Nikasema nayasugua tangu utotoni kwa sababu yananiwasha. Akaacha kuandika. Akanipima kwa mashine zake, kisha akanieleza kwamba kioo cha mbele cha jicho langu ni chembamba na kimeanza kuchongoka, na laser hupunguza kioo hicho hicho. Wengine inawafaa, mimi hapana, si mwaka huu wala mwaka ujao. Wakinigusa wataniharibia hata kidogo kilichobaki. Ninachohitaji ni miwani, na tiba nyingine ya kuzuia jicho lisiharibike zaidi. Yaani nivae kile nilichowatangazia watu kwamba sikihitaji tena. Nilirudi na miwani mpya, nikaificha ndani ya soksi kabatini.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini kuna Maman Noëlla, mjane jirani yetu, mwenye presha ya macho, aliyekuwa akitia matone kila siku. Wiki mbili zilizopita alikuja kunishukuru, akitembea ameshika ukuta.

"Mwalimu, miye dawa nilisha kuacha. Kama Mungu alikuponya weye, miye njo atanikatala?"

Nikamwuliza tangu lini. Tangu ushuhuda wangu, yaani miezi minne sasa. Nilimsihi ayarudie matone yale. Akacheka kidogo.

"Na weye, ulirudiaka kuvaa lunettes?"

Lunettes ni miwani, na yangu ilikuwa bado ndani ya soksi. Nilimwandikia yule daktari, akanijibu kwamba uoni unaopotea kwa ugonjwa huo haurudi, na kila siku bila dawa ni hasara. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nimeficha yangu, na kilio kinaelekea kwa jirani.

Nikamweleza mke wangu kila kitu, hata miwani nikaitoa kabatini nikamwonyesha. Akaniita kwa jina la binti yetu, akasema:

"Papa Aline, bale ba vita balisha kutunyanganya byote. Batu babakie na nini? Ukisema, miye sitasimama tena mbele yabo, na mu nyumba hii sitabakia."

Akaahidi kwamba atamrudisha Maman Noëlla kwenye dawa polepole, bila mimi kufungua mdomo. Amejaribu mara mbili. Mama wa watu anajibu kwamba huyo ni shetani anayejaribu imani yake, na kwamba atamsikiliza mwalimu peke yake, kwa sababu mwalimu ndiye aliyepona.

Jumapili hii vikundi vyote vinakutana. Nimepangwa kushuhudia tena, na Maman Noëlla atashuhudia baada yangu. Nampenda mke wangu, sitaki kumpoteza. Lakini jana yule mama aliniomba niwe mimi wa kumshika mkono kumpandisha jukwaani, kwa sababu yeye ngazi hazioni tena. Nikamwitikia ndiyo. Mimi pia ngazi zile sizioni.

Ninyi mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, ila mniambie pia la kufanya, na mniambie kabla ya Jumapili.