Samadi Iliyokwenda kwa Jirani

Nilipoolewa Kyondo, miaka michache baada ya uhuru, mume wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha saruji kule Hima. Mimi nilipewa kipande cha shamba kilichochoka hadi magugu yenyewe yalikonda. Baba mkwe alitoa msimu mmoja: maharagwe yakikataa, shemeji atapanda kahawa pale, nami chakula cha nyumba yangu nikitafute sokoni Bwera.

Basi nikalundika samadi ya mbuzi na majani makavu, ukingoni mwa kipande changu. Bwana shamba alipopita alitia mkono ndani, akautoa mbio kwa joto, akanusa.

"Mama, hii harufu inachoma pua ni chakula ya mimea inatoroka. Funika na majani ya ndizi. Mvua ikiingia itaosha ile imebaki."

Nilifunika siku hiyohiyo. Asubuhi nikakuta rundo liko wazi. Baba mkwe alikuwa ameyatoa majani. Kwake yeye, samadi isiyonyeshewa haiozi. Na kwetu mke wa mwana hambishii baba mkwe, hata usoni hamtazami. Nilimtuma mama mkwe. Alirudi na jibu kwamba bwana shamba hana mbuzi hata mmoja. Nikaliacha rundo wazi, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi.

Mvua ilinyesha siku nne. Nilisimama mlangoni nikitazama maji ya rangi ya chai iliyokolea yakitoka chini ya rundo, yakiteremka hadi kwa jirani yetu wa chini, mama mkimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka. Nilishika jembe nichimbe mfereji. Mama mkwe akaniambia nisimwaibishe mzee, nikaliweka chini.

Samadi niliyotia shambani ilikuwa nyeusi, laini, ya kupendeza macho, na haikuwa na nguvu. Maharagwe yangu yalitoka ya manjano, yakaishia kimo cha kiganja. Ya jirani yalikuwa ya kijani kabisa, yamefunga maganda mpaka chini.

Alipovuna aliniletea kikapu cha maharagwe, kwa huruma.

"Pokea, mama. Udongo ya hapa iko muzuri sana! Miye niliweka mbegu tu, sikuweka kitu ingine."

Nilimshukuru.

Nikayapika. Baba mkwe alikula akaongeza, kisha akamtuma mama mkwe aniambie kwamba yule mwanamke anajua kulima, niende nikajifunze kwake. Kesho yake shemeji alikuja na miche ya kahawa, akaniomba jembe langu. Nikampa.