Walioshuka Mtoni Kutafuta Tiketi

Ijumaa ile boti ya kaka yangu ilionekana. Kaka yangu hakuonekana.

Ilikuwa boti ndogo ya bati. Imepinduka, imenasa kwenye mizizi ya miti chini kidogo ya daraja la Robinvale. Kasia moja lilikuwa linaelea pembeni, linagonga bati polepole, kama mtu anayebisha hodi bila haraka.

Alikuwa amekwenda kutazama mitego yake ya samaki.

Naitwa Vaisima. Aliyepotea ni Manase, kaka yangu wa pekee. Naandika ili nisije nikasahau yalivyokwenda, maana hapa mjini sasa kila mtu anasimulia kwa namna yake.

Sisi ni Watonga, wale wa visiwa vya Pasifiki, na hapa Australia tunafanya kazi mashambani. Wakati wa joto tunavuna zabibu, wakati wa baridi tunapogoa mizabibu.

Kwetu kaka na dada hawataniani. Tangu nivunje ungo sikuwahi kukaa naye sebule moja kuangalia raga. Nikiingia, yeye anatoka. Akiwa na neno, anamtuma mkewe. Hiyo ndiyo heshima yetu.

Kwa hiyo usidhani nilikuwa na mazoea naye.

Lakini kila Ijumaa ndoo ya samaki ilifika mlangoni kwangu. Hakuwahi kugonga. Nilikuwa nasikia tu mlio wa ndoo ikitua.

Ijumaa ile sikusikia mlio.

Jumamosi mji mzima ulishuka mtoni. Polisi walileta mpiga mbizi. Wanaume wa shambani walipita ukingo wote wakichokoa maji kwa miti mirefu. Jumapili mchungaji aliomba palepale kwenye matope, na sisi tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Hamna kitu.

Polisi mmoja, kijana mpole, alinivuta pembeni. "Mama, maji ya baridi namna hii hayamrudishi mtu haraka. Anaweza kuibuka mwezi ujao."

"Na asipoibuka?"

Aliangalia viatu vyake.

Jumatatu walipunguza watu. Wakasema watakuwa wanapitapita.

Salesi, nyapara wetu, alikuja kofia mkononi. "Dada Vaisima, usinione mbaya. Bosi amesema asiyefika kesho asifike kabisa. Nina watoto."

"Nenda, Salesi."

"Jumamosi tutarudi."

"Nimekwambia nenda."

Tukabaki wanawake watatu mtoni.

Mimi. Wifi yangu Hepisipa, mke wa Manase, amevaa koti la mumewe, anapita ukingoni anaita: "Manase! Chakula kinapoa! Manase wee!" Na Shangazi Lesieli, mama wa miaka sabini na ushee, anachokoa matete kwa fimbo.

Nikwambie kuhusu shangazi. Ni dada mkubwa wa baba yetu, na alikuwa anaishi kwa Manase. Kwetu shangazi ndiye mwenye kauli. Anaweza kuingia kwa mtoto wa kaka yake akachukua godoro unalolalia, na wewe ukamsaidia kulibeba mpaka kwenye gari.

Lakini pale mtoni alikuwa bibi tu mwenye fimbo.

Sijui kama unaelewa maana ya kukosa mwili. Bila mwili hakuna msiba. Huwezi kujifunga kiunoni mkeka wa maombolezo, kama ilivyo mila yetu. Huwezi kupika, huwezi kupokea wageni, huwezi hata kulia vizuri, maana ukilia umemuua. Na serikali nayo haina la kukwambia. Hepisipa na watoto walikuwa wanaishi nchi hii kwa kibali cha kazi ya mumewe. Ofisi iliuliza: mumeo yuko wapi? Aseme nini?

Alikuwa hali chochote. Alikuwa bado anapakua sahani ya Manase.

Jioni moja akanishika mkono. "Wifi, nikimwacha humo, nitawaambia nini watoto? Kwamba baba yao tulimtafuta siku mbili, ya tatu tukaenda kupogoa?"

Nikamfunga vifungo vya koti la Manase.

Halafu kikatokea kitu.

Mama wa duka la magazeti alibandika tangazo dirishani: tiketi iliyoshinda bahati nasibu ya Jumamosi imeuzwa hapa.

Pale shambani kulikuwa na kundi la wapogoaji tisa, akina Salesi, waliokuwa wanachanga kila siku ya mshahara kununua tiketi. Namba zao hazikubadilika miaka yote. Kila mmoja alikuwa anazijua kama jina la mama yake, na hizo ndizo zilizotoka. Na mnunuzi wao alikuwa mmoja tu.

Manase.

Alikuwa ameinunua Ijumaa hiyohiyo asubuhi. Hakutaka kuandikisha jina lake popote, alisema ukiandikisha wanakusumbua kwa simu. Kwa hiyo ni hivi: karatasi ipo, hela ipo. Karatasi haipo, basi tena.

Jioni walikuja nyumbani kwa Manase. Wote wanane. Walivua mabuti mlangoni wakakaa chini, wamejibana kama wachumba wanaopeleka posa.

Fangupo, mdogo wao na mwenye maneno mengi kuliko wote, ndiye aliyeanza. "Shemeji, pole sana. Tumekuja kukuona. Na pia... samahani... ile tiketi Manase aliiweka wapi?"

Hepisipa alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa Kichina. "Tiketi gani?"

Salesi akaeleza. Taratibu, huku anafuta jasho na nje kuna baridi ya kugandisha. Akaeleza kwamba kwa hela ile kila mmoja angenunua nyumba na chenji ikabaki. Hata fungu la Manase lingekuwepo. "Hatutamdhulumu, shemeji. Haki ya Mungu."

Hepisipa akasimama. "Mtoni mmeshindwa kurudi. Hapa mmepajua."

"Shemeji..."

"Mmekuja kutafuta karatasi! Mume wangu yuko kwenye matope, nyinyi mnatafuta karatasi!"

Mtu akakohoa.

Ndipo Shangazi Lesieli akaongea kutoka kwenye kiti chake cha pembeni, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Tiketi anayo mwenyewe."

"Mwenyewe nani, shangazi?"

"Manase. Aliiweka kwenye kikopo cha tumbaku, kile cha bati. Akakifunga kwa mpira maji yasiingie. Akakitia mfuko wa ndani wa suruali. Nilimwona kwa macho yangu kabla hajatoka."

Fangupo akashika kichwa. "Mama yangu nakufa."

Kesho yake hakuna aliyekwenda kupogoa. Hata mmoja.

Kabla jua halijatoka mto ulikuwa umejaa watu. Boti zilikuja kutoka mbali, hata mji wa Mildura. Ndoano, nyavu, taa, mbwa. Mashemeji, wajomba, majirani, watu ambao Manase hakuwahi hata kuwasalimia. Bosi alipofoka kwenye simu, Salesi alimjibu: "Bosi, nifukuze," akakata.

Mimi na wifi tulikaa ukingoni tunaangalia.

"Wanamtafuta nani?" akaniuliza.

"Wanatafuta."

"Nakuuliza nani, Vaisima."

"Wifi yangu, mradi wanatafuta."

Nilikuwa nawachukia. Nasema kweli. Nilikuwa nawasikia wakisema, "Ukimpata, usivute suruali, itachanika!" Nikatamani kuwatupia mawe. Na papo hapo nilikuwa naomba Mungu wasichoke.

Wakaendelea hivyohivyo siku baada ya siku. Mikono ilivimba kwa baridi, hakuna aliyelalamika.

Mchana mmoja Fangupo alijifunga kamba kiunoni akazama chini ya gogo. Kamba ikalegea. Halafu ikakaza. Halafu ikatulia kabisa.

"Vuta! Vuta, nyie, vuta!"

Alitoka midomo imegeuka rangi ya bluu. Tulidhani amekwenda. Salesi alimgandamiza kifua mpaka akatapika maji.

Shangazi alifika pale mbio, sijui miguu aliitoa wapi. Alivua sweta lake akamfunika, akaanza kumsugua mikono huku yeye mwenyewe anatetemeka kuliko kijana. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe, nisamehe."

Fangupo akafumbua jicho. "Shangazi, mbona unaomba msamaha wewe? Gogo ndilo lililonishika."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliniangalia kidogo, akageuza uso.

Nilidhani ni huruma ya uzee.

Kesho yake asubuhi Salesi alimpata. Kwenye kona ya mto, chini ya mti ulioanguka, mahali ambapo polisi walishapita.

Hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, na boti zote zikazima injini moja baada ya nyingine.

Nilikuwa nasubiri wamrukie mifukoni. Nilishaokota jiwe.

Hawakumgusa. Walivua kofia. Salesi alivua koti lake akamfunika kaka yangu, na Fangupo, bado sauti imekwama, akaanzisha wimbo. Wengine wakapokea.

Nikalitupa jiwe.

Polisi ndiye aliyempekua, kwa kazi yake. Funguo. Kisu cha kukunja. Leso.

Salesi akanyoosha shingo. "Afande, hakuna kikopo? Kidogo hivi, cha bati?"

"Hakuna kingine."

"Mfuko wa ndani?"

"Hii suruali haina mfuko wa ndani, bwana."

Wanaume wanane walisimama kwenye matope wakiitazama suruali ile.

"Basi," Fangupo akasema. "Manase kala hela yetu." Akataka kucheka, kikamtoka kilio.

Nilijua hatutawaona tena. Wangekuja kufanya nini?

Walikuja wote msibani. Walichimba tanuri la ardhini, wakachinja nguruwe, wakabeba viti vya kanisa mgongoni. Walivaa mikeka ya maombolezo iliyochakaa kuliko ya ndugu wa damu, maana kwetu anayejishusha mbele ya marehemu huvaa uliochakaa. Hepisipa alilia kilio ambacho kilikuwa kimemngoja muda wote ule. Shangazi alikaa upande wa kichwa cha marehemu, mahali pa shangazi, hakuinuka mpaka kaburini.

Tulipotoka kuzika, akawaita wale wanane chumbani. Akaniita na mimi. Hepisipa alikuwa amekaa mkekani, mtoto mdogo amelala mapajani.

Shangazi akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Akaiweka kwenye mkeka.

"Ilikuwa juu ya friji. Niliichukua siku ile ile boti ilipoonekana."



Salesi akaiinua, akasoma namba, midomo inacheza. Akaiweka chini tena kama inayounguza.

"Shangazi. Umetuchezea."

"Nimewachezea."

"Huyu mtoto alikaribia kufa!" Akamwonyesha Fangupo. "Angekufa je?"

"Ningekuwa nimemuua mimi. Ningekwenda kwa mama yake kwa magoti, nikasema hivyo."

"Ungetwambia tu ukweli. Ungetuomba. Tungerudi!"

Shangazi akamtazama bila hasira. "Salesi, nilikaa ukingoni nikiangalia barabara. Niliomba kwa macho siku nzima. Nani alirudi?"

Salesi akaweka viganja mkekani. Akainama, mabega yakaanza kutikisika.

"Na leo," shangazi akasema, "leo mmekuja bila tiketi. Mmenipikia msiba wa mwanangu bila tiketi. Sasa mimi ndiye mwenye aibu humu ndani. Chukueni. Mkitaka kunipeleka kanisani mbele ya watu, nitakwenda."



Fangupo ndiye aliyejibu. Akajongea, akapangusa machozi kwa ukingo wa mkeka. "Shangazi, siku nyingine ukitaka kudanganya, sema aliitupa nchi kavu. Yale maji ni noma."

Hata Hepisipa alicheka. Halafu akamlaza mtoto mkekani, akatambaa akalaza kichwa mapajani pa shangazi, akakaa hapo.

Waligawana mafungu tisa, kama walivyoahidi. Kwa mila yetu shangazi angeweza kulichukua fungu la Manase lote, na hakuna ambaye angemwuliza. Hakuligusa. Lilikwenda kwa Hepisipa.

Salesi amenunua nyumba. Fangupo amewaleta wazazi wake kutoka Tonga watembee, na amenunua gari ambalo hajui kuliendesha. Wengine wameshamaliza zao. Ndugu waliomba, na kwetu ukiombwa huna namna.

Mnaosoma mtaniuliza, hela ya bahati nasibu ifanyiwe nini? Sina jibu la maana. Ya kwetu ilifanya kazi yake kubwa kabla hata haijalipwa. Ilimtoa kaka yangu majini.

Ila nalisema hili, na ninajisemea na mimi: ukipotelewa na jirani, shuka mtoni siku ya tatu kama ulivyoshuka siku ya kwanza. Nenda kabla hujajua mfukoni mwake kuna nini.

Hepisipa hakupata kibali cha kubaki. Mwezi uliopita alirudi Tonga, kwenye visiwa vya Haʻapai na watoto, na fungu lake linajenga nyumba karibu na kwao. Shangazi amehamia kwangu.

Kesho tunaanza kupogoa upande wa mashariki. Mistari ya mizabibu aliyokuwa anapogoa Manase amepewa mtu mpya.