Mama Mdogo Aliyenyang'anywa Rangi

Mtaani walimwita Dada Picha, na kazi iliyompa jina hilo ilikuwa moja hasa. Ukimletea picha ya rangi, aliigeuza yote kwenye kompyuta ikawa nyeusi na nyeupe, kisha akarudisha rangi mahali pamoja tu: shada la bibi harusi, mpira wa mtoto, tai ya mhitimu. Aliivuta picha karibu mpaka uso ukajaa kioo kizima, akafuata ukingo wa sikio taratibu, rangi isije ikamwagikia ukuta wa nyuma ya mtu. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni, na joto la mashine za kukaushia nywele lilipenya mpaka kwake.

Baba yake alipostaafu, watoto wote walikusanyika nyumbani kupiga picha ya familia. Dada Picha aliitega kamera ijipige yenyewe, akakimbilia nafasi yake. Katikati waliketi baba na mama mdogo, mke ambaye baba alimwoa baada ya mama yao kufariki. Huyo ndiye aliyemlea Dada Picha tangu hajui kufunga kamba za viatu. Watoto wawili aliowazaa mwenyewe walisimama nyuma yake.

Siku chache baadaye akaja studio kaka yake mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Meneja hata kabla hajapata kazi yoyote.

"Ile picha ifanye kama unavyofanyaga," alisema. "Kubwa, ya fremu, nimtundikie mzee sebuleni. Rangi mwachie baba, mimi, wewe, wifi yako na watoto wetu. Wengine wabaki nyeusi na nyeupe."

"Wengine kina nani?"

"Si unawajua. Waliokuja baadaye."

Dada Picha alidhani anataniwa. Akamtazama usoni, akaona hataniwi.

"Mama mdogo ameketi bega kwa bega na baba. Unataka nipitishe mpaka hapo katikati?"

"Ni urembo tu. Usikuze mambo."

"Urembo gani unaowaruka wanao ukawaangukia wa mama mdogo? Kaka, kazi hii naijua. Nikiacha rangi mahali, namwambia mtu atazame hapo, kwingine apite tu. Huyu mama alikupigia pasi sare mpaka ukamaliza shule, leo watu wampite? Sifanyi."

Meneja akaenda kwa fundi mwingine. Picha ikatundikwa juu ya televisheni ya baba, fremu yake ya dhahabu.

Dada Picha alipoiona, alisogea karibu. Ubaya wenyewe ulifanywa vibaya. Siku ya kupiga picha mama mdogo alikuwa amemshika mumewe mkono wa koti, na fundi alisahau kuondoa rangi kwenye vidole vyake. Basi vidole vinne vya rangi viling'ang'ania koti la baba, na mwenye vidole alikuwa kijivu kama ukuta. Dada Picha alivuta kiti apande kuishusha picha.

"Acha, mwanangu," alisema mama mdogo, kitambaa cha vumbi mkononi. Ndiye aliyekuwa akiifuta picha ile kila asubuhi. "Niliona tangu siku ilipoletwa. Lakini baba yenu anangoja kufanyiwa upasuaji wa macho. Usimletee ugomvi sasa hivi."

Kwa heshima ya mama mdogo, Dada Picha akakirudisha kiti mahali pake.

Baba alitolewa mtoto wa jicho, na bandeji zilipoondolewa familia ikaenda kumpongeza. Mzee akawa anatembea sebuleni akitazama kila kitu kama mgeni. Mbele ya picha akasimama.

"Hivi vidole ni vya nani?"

Akasogea.

"Huyu ni mke wangu? Mbona mmemfanya marehemu, na yuko jikoni anapika?"

"Baba, ni mtindo wa kisasa," alisema Meneja.

"Mtindo huo peleka kwako. Ishushe."

Meneja akaishusha mwenyewe, mbele ya mkewe na wadogo zake, akaondoka nayo bila kuaga. Kesho yake Dada Picha alileta ile ya asili, rangi kila mahali, akaigongea msumari mwenyewe.

Meneja hajaomba radhi mpaka leo. Alichofanya ni kuitundika ile yake sebuleni kwake. Mama mdogo bado humpigia simu kuwajulia hali wajukuu, kwa sauti ile ile. Dada Picha hana moyo huo. Akienda kumwona wifi yake huchagua kiti kinachoipa picha mgongo, na Meneja alipouliza sababu alimjibu, "Nikiigeukia nitasema."

Siku hizi mteja akileta picha ya familia na kutaka rangi kwa baadhi tu, humuuliza kwanza, "Na hawa wengine wanajua?" Wapo wanaokasirika, wakachukua picha yao wakaondoka. Waondoke.