Mtungi wa Hewa na Ng'ombe wa Mama

Mtu mwenye akili anayeishi Woodley hanunui mtungi wa kupigia mbizi. Anakodi Pwani, anazama, anaurudisha, anapanda treni. Mimi nilijifunza kuzamia nikiwa na kitambi tayari, na nikashikwa na kiburi cha wanaochelewa: nikataka wangu.

Niliupata Loresho, kwa daktari wa meno mstaafu aliyekatazwa kuzama na moyo wake. Alikuwa na miwili. "Huu wa chuma unazama wenyewe," akaniambia. "Wa alumini ukikaribia kuisha hewa unataka kuelea, kwa hivyo utaongeza uzito wa risasi kiunoni." Akanionyesha tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani mwa kila mtungi, akanionya nisiuache mtupu kabisa, unyevu usije ukaingia. Nilitikisa kichwa kama mtaalamu, kisha nikachagua wa alumini kwa sababu ulikuwa na rangi nzuri.

Nyumbani niliusimamisha kando ya kitanda na kuufunga kwenye mguu wake usianguke. Mke wangu alikuwa safarini kikazi. Jirani yetu aliniona nikiubeba kwa tahadhari, nikikohoa, maana nilikuwa na mafua. Baadaye akauona tena kupitia dirisha la chumba cha kulala, nami nimelala ubavuni pake.

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja na chai na chapati. Sikushangaa, hutembelea kila mtu. Waliimba kwa sauti ya chini. Mmoja akaniwekea mkono kifuani. Katika ziara kama hizo hakuna anayetaja ugonjwa, ni utovu wa adabu, basi wao hawakutaja nami sikuuliza. Nilisema amina huku nikizitazama chapati.

Mlangoni jirani yule, aliyekuja nao na ambaye kwao ni Mutuini kama kwetu, akanibana mkono. "Usijali ya hospitali, Baba Watoto. Mama yako nimemwambia uko kwa oksijeni. Ng'ombe wake anauzwa leo."

Ng'ombe huyo ni mmoja tu. Tangu baba afariki, ndiye anayemwamsha mama alfajiri, ndiye anayeongea naye. Nilipiga simu, haikushikwa. Nikaruka juu ya boda boda nikiwa na malapa.

Nilipofika, pikapu ilikuwa imerudi nyuma hadi langoni. Ng'ombe alikuwa na miguu ya mbele juu ya mbao, mnunuzi akivuta kamba. Mama alikuwa ameipa pikapu mgongo.

"Mama! Ngoja!"

Akageuka. Mama huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Baba? Nani amekutoa kwa mashine?"

"Hakuna mashine. Ni hewa ya kuingia nayo baharini."

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena."

Nikavuta mpaka mafua yakanikohoza, naye akanitazama kifua kama anayekagua embe sokoni. "Hewa ya baharini," akasema. "Na unaiweka kitandani."

"Ni kando ya kitanda, mama."

"Nilikusomesha mpaka chuo kikuu."

Mnunuzi alichoka kusubiri. "Mathe, hii ng'ombe inapanda ama inashuka?"

"Inashuka," mama akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya neno.

Mnunuzi, Mungu ambariki, alicheka tu. Akanishika bega. "Boss, siku ingine ununue baiskeli." Tukamshusha ng'ombe pamoja, mguu mmoja baada ya mwingine. Mama akamrudisha bandani, akamfungua kamba, akaegemeza paji la uso ubavuni mwake. Nilisimama mlangoni. Niliona mabega yake yakishuka polepole, na yangu, ambayo sikujua yamepanda, yakashuka pia. Sijawahi kuvuta hewa tamu namna ile, chini ya maji wala juu yake.

Alipoinua kichwa alikuwa amepangusa macho kwa ncha ya leso.

"Kwa hivyo huumwi."

"Ni mafua tu."

"Na pumzi unayo."

"Ninayo."

Akanielekeza ukutani kwa kidevu. "Panga ndiyo hiyo. Hajala tangu asubuhi, nilidhani anaenda."

Nikashuka shambani kukata majani ya nepia, na malapa yangu.