Siku Tulipofungua Pipa la Mabukwe

Nianze kwa kukiri, ili mwenye kucheka acheke mapema: mimi ndiye yule mtu wa redioni. Yule aliyesema, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba fukusi wa maharage wanaweza kudhibitiwa kwa mlio usiosikika. Kuna watu hapa Kasulu mpaka leo wakiniona sokoni wanaweka kiganja sikioni, wananyamaza kidogo kama wanasikiliza kitu, halafu wanaendelea na shughuli zao. Mimi nacheka nao, kisha nafika nyumbani sina hamu hata ya kula.

Tulikuwa watu wawili kwenye hiyo kampuni (tuliiita kampuni, lakini kilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni, na kila mteja akikaushwa nywele umeme wetu unapungua). Japheti ndiye fundi, mtu wa kufungua redio za watu tangu utotoni. Mimi ndiye msemaji, kwa sababu niliwahi kufundisha fizikia kwa kujitolea miaka miwili na watu bado wananiita Mwalimu. Chombo chetu kilikuwa kiboksi kidogo chenye spika ndani na kipande cha sola juu, unakifunga kwenye mfuniko wa pipa la nafaka, kinatoa mlio wa juu mno ambao sikio la binadamu haliukamati, lakini fukusi akiusikia anachanganyikiwa mpaka anasahau kuzaa. Hivyo ndivyo alivyonieleza Japheti, na mimi nikaongezea maneno ya darasani, masafa, mawimbi, mtetemo, mpaka mwenyewe nikaona jambo hili ni zito kweli.

Msidhani tulikuwa matapeli. Tulijaribu. Tuliweka maharage ya mama yake Japheti kwenye pipa tangu mavuno mpaka msimu wa kupanda, tukafungua, hakuna hata punje moja yenye tundu. Tukajaribu tena na ya jirani yake, nayo yakatoka mazima (yalikuwa na kavumbi kavumbi hivi, lakini mimi ni mtoto wa mjini, maharage nayajua yakishafika kwenye sahani). Sasa ungekuwa wewe usingeamini?

Watu ndio hawakuamini. Ikaanza minong'ono kwamba tunauza upepo, mwingine akasema chombo chenyewe ni tochi iliyotolewa balbu, na redio moja ya hapa kwetu ikatuita kwenye kipindi cha asubuhi tujieleze. Japheti akagoma kuongea, akabaki nje ya kioo. Nikaingia peke yangu, nimevaa koti, kana kwamba wasikilizaji wataniona.

Simu ya kwanza ilitoka Murungu, kule Kibondo. Mama mmoja akauliza taratibu, "Mwalimu, hiyo sauti isiyosikika, ninyi mnajuaje kama inalia?" Mtangazaji akacheka mpaka akaondoa kinywa kwenye kipaza sauti. Nikajibu kwa mawimbi na masafa, mama akasema asante, na ile asante yake ilikuwa mbaya kuliko swali.

Simu ya pili ilikuwa ya Mzee Salumu, mwenye duka la pembejeo karibu na stendi, mtu mpole, hapandishi sauti hata akikosewa. Akasema, "Mwanangu, mimi sina ubishi na wewe. Nauliza tu, wewe umeweka nini humo? Maana cha mwenzako ni rahisi kukifanyia majaribio."

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yangu, na ningesema tu sijaweka kitu, sina shamba, mambo yangeishia pale. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeweka mbegu ya mama mkwe wangu, kule Kagerankanda. Mbegu yote." Nikamwona Japheti nje ya kioo anashika kichwa.

Sikuwa nimeweka kitu. Na mbegu ile haikuwa mbegu ya kutajwa ovyo. Mabukwe (ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, kwa lugha yake) alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na mama yake alivuka na vitu viwili, yeye mtoto na maharage aliyoyafunga kwenye pindo la kitenge. Meupe, madogo, yenye doa jekundu kwenye kitovu. Hayakuwa na jina, waliyaita tu "ya mama". Miaka yote hiyo walipanda, wakavuna, wakatenga ya mbegu kwanza ndipo wakala, hata ile miaka ambayo kula kwenyewe kulikuwa shida. Mke wangu Odeta aliniambia zamani kwamba mama yao hana picha hata moja ya bibi, ana maharage hayo tu.

Nilipofika nyumbani Odeta alikuwa anafua, redio pembeni yake. Hakugeuka. "Mbegu ya mama uliiomba lini?" akauliza. Nikasema nitaiomba kesho. Akaendelea kufua lile shati moja kwa muda mrefu sana.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Kagerankanda, njia nzima natunga maneno, na wala sikuyahitaji. Mabukwe alikuwa ameketi mlangoni na madebe mawili ya mbegu yameshafungwa. "Nimesikia redioni kwamba nimekupa mbegu," akasema. "Basi chukua, mkwe, nisikufanye mwongo mbele za watu." Nikashukuru huku nimeinamisha kichwa, na niwaambie ukweli, sehemu ya moyo wangu ilifurahi.

Tukakubaliana pipa likae ofisi ya kata, palepale Kagerankanda, lifungwe kwa karatasi yenye sahihi za watu, lisifunguliwe mpaka mvua za kupanda, asije mtu akasema tumechezea. Siku ya kulijaza watu walikuja wengi, na Mzee Salumu naye akaja kutoka mjini. Akachota maharage kiganjani, akayapuliza, akasema, "Yana majivu haya. Yakitoka mazima, tutajuaje kama ni chombo au ni jivu?"

Swali la haki kabisa. Hapo nilipaswa kujiuliza na yale ya mama yake Japheti yalikuwa na nini. Sikujiuliza. Niliona watu wananitazama nikasema, "Tutayapepeta yote, libaki chombo peke yake." Mabukwe akanisogelea, akaongea chini chini asisikike na wengine. "Mkwe, jivu lilikuwa na kosa gani?"

"Mabukwe, ni mambo ya kisayansi," nikamjibu. (Nikikumbuka hilo jibu natamani ardhi inimeze.)

Akasema, "Ego," yaani sawa, na kwa kuwa mimi kupepeta sijui, akaomba ungo, akaketi chini na kitenge chake cha kanisani, akaitoa jivu mbegu ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe, punje kwa punje mpaka zikang'aa, nami nimesimama pembeni nawaeleza watu habari za mtetemo.

Kila wiki nilikwenda kufuta vumbi kwenye sola. Mwezi wa pili tangu tulifunge nikaweka mkono kwenye pipa, nikakuta lina joto. Nikaweka sikio, nikasikia kitu, kama manyunyu ya mvua juu ya majani makavu, hakikatiki. Ndugu zangu, machozi yalinitoka. Nikampigia Japheti nikamwambia inafanya kazi, pipa lina nguvu mpaka limepata joto, na mlio umeshuka kidogo unasikika. Japheti akasema mlio hauwezi kushuka. Nikamwambia wewe ni fundi, hesabu niachie mimi.

Nikarudi redioni. Nikasema anayeuliza tunajuaje kama inalia, aje Kagerankanda aweke sikio. Na watu wakaja. Walipanga foleni kwenye uwanja wa ofisi ya kata, mmoja mmoja wanainama, wanasikiliza, wanainuka wanatikisa kichwa kwa mshangao, na wale waliotucheka wakanipa mkono. Mabukwe naye alikuja. Aliweka sikio akakaa muda mrefu kuliko wote, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Nikamuuliza, "Umeisikia, Mabukwe?" Akanitazama usoni. "Nimesikia, mkwe," akasema, akajifunga kitenge vizuri akaenda zake.

Basi mvua zikaja, na siku ya kufungua ikafika, ikawa ni siku ya gulio, watu wamejaa, mtangazaji ameleta kinasa sauti chake. Nikahutubia kwanza. Nilihutubia sana. Nikasema leo wanaotubeza watapata majibu, na kwamba Kasulu itakumbukwa. Kisha nikakata ile karatasi ya sahihi na kuinua mfuniko mwenyewe.

Kitu cha kwanza ni harufu, kama ya unga uliolowa. Cha pili ni fukusi wenyewe, wakapanda kwenye ukingo wa pipa, wakapanda kwenye mikono ya koti langu, wengine wakaruka. Nikaingiza mkono nikitafuta maharage, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko ndani ya unga na maganda mepesi. Nilichokuwa nimekisikia wakati ule ni fukusi wakila, na lile joto lilikuwa lao. Nikaendelea kukoroga nikidhani chini kabisa yatakuwepo mazima, nakoroga tu, na kinasa sauti kiko mbele ya mdomo wangu, na kilichorekodiwa siku ile (kilirushwa mara nyingi, nasikia) ni mtu anayehema.

Mama yake Japheti alikuwa pale. Akauliza, kwa nia njema tu, "Kwani mliweka bila jivu? Nani anaweka maharage bila jivu?" Nikamgeukia Japheti, naye akanitazama, na nadhani tulielewa kwa wakati mmoja. Yale yetu ya kwanza, na ya jirani, yote yalikuwa na jivu. Kale kavumbi. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukuuliza, na nani huku angehisi jambo kama hilo linahitaji kusemwa. Mzee Salumu hakucheka. Alinishika bega akasema, "Pole, mwanangu," nami ningeona nafuu angenitukana.

Watu walipotawanyika Mabukwe alikuwa amekwishaketi chini na ungo, anachagua. Nikaketi karibu naye nikachagua pia. Tulipata kama kiganja kimoja cha punje zisizo na tundu kwa nje. Tukazipanda kwenye kopo, tukazimwagilia wote wawili, na hazikuota.

Nikajipa moyo kwamba majirani watakuwa na mbegu ile, maana kila msimu alikuwa akiwagawia. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Kila nyumba jibu ni lilelile, kwamba ya kwao walikula yote, kama miaka mingine, kisha wakaenda kwa Mabukwe kuomba mbegu, naye akawaambia wasubiri, iko kwa mkwe wake, watapewa siku ya kufungua. Nikaenda mpaka magulio ya Kibondo na punje mbili zenye matundu kwenye karatasi, nawaonyesha akina mama wauzaji. Mmoja Murungu akaigeuza kidoleni akasema hii aliwahi kuiona kwa bibi yake, na akanirudishia.

Siku moja nikashindwa kuvumilia nikamuuliza Mabukwe. "Siku ile ulipoweka sikio, ulisikia nini?"

"Nilisikia fukusi," akasema.

"Mbona hukuniambia? Tungefungua siku ileile, tungeokoa nusu."

"Ulikuwa umesimama mbele za watu, mkwe. Ningekwambia vipi pale? Halafu nikasema, huyu amesoma, labda yeye anasikia kingine."

Kampuni tuliifunga wiki hiyohiyo, Japheti karudi kwenye redio zake, na Odeta ananisemesha vizuri tu, ila habari za bibi yake hazitaji tena mbele yangu.

Msimu huu nilikwenda kumsaidia Mabukwe kupalilia. Amepanda mbegu ya kununua, nyekundu, kama ya kila mtu. Tukiwa katikati ya shamba akapita mama mmoja wa kanisani kwao, akasimama njiani, akatazama majani akaita, "Kumbe mliokoa kidogo? Haya si ndiyo yale ya mama?" Nikainua kichwa niseme ukweli, walau mara moja niwe wa kwanza kuusema. Mabukwe akaniwahi. "Ego," akajibu, "ndiyo yale. Mkwe wangu aliyapata." Yule mama akasema Mungu ni mwema, akaenda zake, na Mabukwe akainama akaendelea kupalilia bila kunitazama.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba mtu akiniuliza jambo nisilolijua nitasema sijui, hata kama ni redioni, hata kama nimevaa koti. Kiapo hicho nakitunza vizuri. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuwa nyuma ya Mabukwe kanisani, nikamwona, yeye asiyekosa hata mara moja, anabaki amekaa wenzake wanapokwenda kushiriki meza ya Bwana, na mtu alipomuuliza kulikoni akasema miguu inamuuma.