Maji ya Hesabu

Juzi, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya maradhi, nilimwona mwalimu juu ya boda akigawa karatasi za masomo nyumba kwa nyumba hapa Walukuba, na ladha ya makaa ikanirudia mdomoni.

Wakati wa vita wanajeshi walihamia shuleni kwetu, wakapiga marufuku masomo. Mwalimu Zaina akawa anatufuata majumbani kwa siri. Karatasi ikikamatwa ingemponza, basi alituandikia hesabu kwa kipande cha kaa kwenye sahani nyeupe ya mama. Alasiri moja, nikiwa na mwalimu katikati ya kugawanya, viatu vizito vilisimama mlangoni. Mama aliimwagia sahani maji, akaisugua kwa vidole, akayakinga bakulini.

“Hiyo maji ya nini?” askari aliuliza.

“Kombe, Afande. Mtoto iko na homa. Dada huyu ameandika aya, tumeosha, anywe apone.”

“Basi anywe.”

Nilikunywa kwa furaha, nikiamini kugawanya kutaniingia kichwani bila taabu.

Askari hakuondoka. Alifungua chupa yake, akamwaga maji yaliyokuwamo.

“Nipe na mimi,” alisema polepole. “Mutoto yangu iko mgonjwa siku tatu.”

Mama akammiminia yaliyobaki. Alitoka ameikumbatia chupa kifuani, nami nikaangua kilio. Mama na mwalimu walidhani ni woga. Kumbe nililia kwa wivu, kwamba mtoto wa askari angenipita darasani kwa hesabu zangu. Leo najiuliza tu kama alipona.