Maua Kwenye Mnada wa Mavuno

Nilirudi Njombe kutoka chuo kikuu nikiwa na suti moja na mizizi ya batakapu iliyofungwa kwa gunia bichi, zawadi ya mke wa mwalimu wangu Mwingereza. Ndani ya lori kutoka Makambako niliikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Batakapu ni ua dogo la manjano linalong'aa kana kwamba limepakwa samli. Katika baridi yetu lilistawi kuliko mimi.

Baba alikuwa amenipa kipande cha kinyungu, shamba letu la bondeni lenye unyevu, nipande njegere. Nikapanda maua. Kila asubuhi kabla ya uji nilikwenda kuyatazama, na furaha yangu haikuwa na doa hadi Jumapili ya mavuno ilipokaribia.

Siku hiyo kila mtu huleta kanisani alicholima kwa mikono yake, na baada ya ibada vitu hunadiwa. Kisichopata mnunuzi, mwenyewe hukibeba akapita nacho katikati ya watu. Nami nilitaka kuoa. Baba wa msichana niliyemtaka, mgane asiyecheka ovyo, angekaa benchi la mbele akipima kama naweza kulisha mke.

"Utapeleka nini?" baba yangu aliuliza.

"Maua."

"Basi ukae mbali na mimi."

Nikayapeleka na udongo wake ndani ya debe lililokatwa. Mzee wa kanisa alinadi mahindi, maharage na jogoo mmoja mwenye kelele, kisha akainua debe langu.

"Mboga ya wasomi hii. Nani ana chumvi ya kutosha?"

Watu wakacheka. Akanadi tena. Hakuna aliyetaja bei. Nikaanza kukadiria umbali wa mlango.

"Lete hapa," alisema baba wa msichana.

"Utayala, mzee?"

"Wewe nadi, acha maneno."

Hakuna aliyeshindana naye. Nje akaniita.

"Kamwene, kijana."

"Kamwene, baba," nikaitikia nimeinama.

"Maua haya yana ndugu zake bondeni kwangu. Ng'ombe hawayagusi, ni machungu. Mbuzi nao wanayaruka. Kwenye kaburi la mama watoto, kila ninachopanda wanakula. Kesho kutwa njoo uyapande haya. Na jembe uje nalo."

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu wimbo wa kwanza wa ibada. Binti yake, akipita na kikapu, akasema bila kunitazama, "Uje na njaa. Baba hamwiti mtu na jembe asimlishe."

Siku ilipofika, kaburi lilikuwa pembeni mwa mfereji, udongo mweusi, laini. Mzee alinitazama nikichimba, akasema nimeshika jembe kama kalamu, akanionyesha pa kuchimba upya. Nikachimba upya. Alipoona shina la mwisho limesimama, aliyatazama maua, kisha akauliza kama wasomi wanakula viazi vya kuchemsha.

Nikamwambia tunakula.